Maji ya Chai Yanatoka Wapi? Miaka Yangu Minne Bonde la Rukwa

Mwezi uliopita mwalimu mmoja kijana, mzaliwa wa Makete, alinipigia simu. Amepangiwa shule ya kata kule chini, upande wa Kamsamba, na kuna mtu alimwambia kwamba niliwahi kukaa huko. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mtandao upo. Nikamjibu upo, kwa kusuasua. Kisha nikamwambia swali ambalo mimi sikuliuliza nilipohama, na likanigharimu: maji ya chai yanatoka wapi? Tulizungumza mpaka salio lake likaisha. Nilipoweka simu chini niliona afadhali niyaandike yote mahali pamoja, kwa sababu kila mwaka kuna mwalimu, muuguzi au bwana shamba anayeshuka kule akitokea Rungwe, Njombe au Makete, na kila mmoja anaanza kujifunza upya kwa kuumia.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimezaliwa Tukuyu, mahali panapopata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ambako soksi za mtoto zinaweza kukaa kwenye kamba siku tatu na bado zikawa na unyevu. Kwa miaka sita nilifundisha majangwa ubaoni. Nilichora Bonde la Danakil la Ethiopia, ambako eneo la Dallol liko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari. Nilieleza jinsi Waafar wanavyokata vibamba vya chumvi na kuvipandisha nyanda za juu kwa ngamia, na jinsi Mto Awash unavyotoka milimani ukaishia kwenye maziwa ya chumvi mpakani mwa Djibouti bila kuiona bahari. Ziwa Assal, mita 155 chini ya usawa wa bahari, nilikuwa nalitaja bila kufungua daftari.

Jambo ambalo sikuwahi kuwaambia wanafunzi wangu ni kwamba Bonde la Ufa hilohilo lina tawi lake hapa kwetu, safari ya siku moja kutoka Tukuyu, na huko nako maji yanaingia na hayatoki. Sikuwaambia kwa sababu mwenyewe nilikuwa sijalitia akilini. Ziwa Rukwa nililijua kama doa la buluu kwenye ramani.

Mwaka 2018 mume wangu, ambaye ni bwana shamba, alikuwa tayari na mwaka mmoja huko bondeni. Kazi yake ilikuwa mpunga, ufuta na mtama, na kila msimu alikuwa na hofu ya kweleakwelea na nzige wekundu, maana mbuga za Rukwa ni moja ya sehemu zinazojulikana tangu zamani kwa mazalia ya nzige hao. Niliomba uhamisho wa kumfuata. Kwa kuwa niliomba mwenyewe, gharama zote zilikuwa juu yangu. Fuso kutoka Tukuyu nililipa shilingi 650,000, na hapo dereva alikuwa ameshapunguza. Nilipakia kitanda, kabati, makochi mazito ya vitambaa vya manyoya, mablanketi matano, gunia mbili za viazi mviringo, mikungu sita ya ndizi, na sweta zote za mtoto wetu aliyekuwa na miaka miwili.

Tulishuka mwezi wa kumi. Kama unaweza kuchagua, usihamie bondeni mwezi wa kumi. Ule ndio mwezi ambao mvua bado, majani yamekwisha, na jua limepanda utosini. Kutoka Mlowo barabara inapita kwanza kwenye uwanda wa juu wa Mbozi, kahawa huku na huku, hewa bado nzuri. Halafu unaingia miombo. Halafu nchi inakatika. Pale ukingoni dereva alisimamisha gari ili breki zipumzike, nikashuka na mtoto mgongoni, nikaliona bonde lote limelala chini likiwa na rangi ya vumbi, na mbali kabisa kitu kinachong'aa ambacho sikujua kama ni ziwa au ni mvuke wa joto. Nililia kidogo, nisifiche. Nilifikiri ni uchovu wa safari.

Kadiri tulivyoshuka, mtoto alianza kuvuta kola ya sweta yake. Darasani nilikuwa nafundisha kwamba hewa inapata joto, kwa wastani, nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Tukuyu iko juu ya mita 1,500, uso wa Ziwa Rukwa uko kama mita 800. Hesabu hiyo peke yake inakupa nyuzi tano hivi. Zinazobaki zinatokana na umbo la nchi: upepo wa kusi ukitoka Ziwa Nyasa unagonga Rungwe na Uporoto na kutumwagia sisi mvua yake, ukifika ng'ambo umekauka, kisha kuta za bonde zinashikilia joto pale chini kama chungu kilichofunikwa. Rukwa si jangwa, naomba nieleweke. Mvua inanyesha, kati ya Novemba na Aprili, na ikinyesha inanyesha kwelikweli. Lakini kuanzia Agosti mpaka mvua ya kwanza, mtu aliyetoka milimani ataona jangwa, na mwili wake utalichukulia kama jangwa.

Kosa la kwanza lilikuwa nyumba. Mume wangu alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi. Mimi nikaona aibu. Mwalimu mzima nikae nyumba ya nyasi? Tukahamia nyumba ya tofali za saruji yenye bati jipya, bila dari, kwa shilingi 40,000 kwa mwezi badala ya 15,000. Usiku wa kwanza hatukulala. Bati linakusanya jua mchana kutwa na kulirudisha chini mpaka saa nane za usiku. Mtoto alitoka vipele vya joto shingo nzima na mgongoni. Baada ya miezi miwili tulinunua mbao na mikeka tukatengeneza dari wenyewe, ikala shilingi 180,000 kwenye nyumba isiyo yetu, na mwenye nyumba hakukubali kukata kodi. Majirani zetu kwenye nyasi na udongo mnene walikuwa wamelala muda wote huo.

Kwa hiyo ukifika, usitazame nyumba kwa macho ya mjini. Tazama unene wa ukuta. Tazama kama kuna baraza upande wa magharibi, maana jua la saa kumi ndilo linalochoma, si la saa sita. Tazama kama kuna mti. Nyumba yenye mwembe au mkwaju uani ni bora kuliko nyumba yenye vigae. Na uandae kitanda cha kamba na chandarua cha kutundika nje, kwa sababu Oktoba na Novemba watu wengi wanalala uani. Mimi niliona haya ya kulala nje miezi kadhaa. Nilipolala usiku mmoja tu, nilijua nimeutesa mwili wangu bure.

Mablanketi yalikaa kwenye sanduku miaka minne. Makochi yaliliwa na mchwa. Viazi vilichipua na kuoza ndani ya wiki mbili, na mikungu yote sita ya ndizi iliiva kwa pamoja, tukagawa mtaa mzima. Hiyo angalau ilitupatia marafiki.

Sasa maji, ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya niandike.

Tulichota kwa muda kwenye kisima cha jirani, dumu la lita 20 shilingi 200, na kwa siku tulitumia madumu sita mpaka manane. Piga hesabu ya mwezi. Mimi na walimu wenzangu wawili tukaona tuchimbe kisima chetu nyuma ya nyumba zetu. Mzee mmoja jirani, wa kabila la Wawanda, alipita akatukuta na fundi tunapima. Akasalimia, akatazama ardhi, akasema, "Walimu, hapa ni pa chumvi. Visima vyetu viko kule mchangani." Tulimshukuru kwa heshima na tukaendelea. Tulikuwa watu watatu wenye shahada, na mmoja wetu, yaani mimi, ndiye wa jiografia.

Maji yalitoka mita tisa. Meupe, mengi, mazuri kwa macho. Tulipiga vigelegele. Kisha nikayaonja. Sabuni haikutoa povu, chai ilikuwa na ladha ya kitu kilichoungua, na mtoto alikataa kikombe. Fundi alichukua shilingi 420,000, na simlaumu, alichimba alipoambiwa.

Nilikaa juu ya kifusi cha udongo ule nikaelewa kitu nilichokuwa nimekifundisha kwa miaka sita. Songwe inaingia Rukwa kutoka kusini, Momba inaingia, Kavuu inaingia kutoka kaskazini. Hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji yana njia moja tu ya kuondoka, nayo ni kupanda hewani kwa jua. Chumvi haipandi hewani. Kila kilichooshwa kutoka kwenye miamba ya milimani, mwaka baada ya mwaka kwa miaka isiyohesabika, kimebaki pale chini, kwenye ziwa na kwenye udongo mweusi wa tambarare. Maji matamu yako pale tu ambapo mto unapita au uliwahi kupita na kuacha mchanga, kwa sababu mchanga unapokea maji mapya kila masika na kuyapitisha. Mzee yule hakusoma neno lolote la haya. Alijua ni wapi babu yake alichota.

Ndiyo maana nasema ulizia maji ya chai. Usiulize "maji yapo?" kwa sababu utajibiwa yapo, na jibu ni la kweli. Kila nyumba bondeni ina maji ya aina mbili au tatu: ya kufulia, ya ng'ombe, na ya kunywa. Ukiuliza ya chai wanatoa wapi, utaonyeshwa kisima chenyewe. Nenda ukaone ni mbali kiasi gani ndipo upange nyumba. Na nunua mtungi wa udongo, usitegemee ndoo ya plastiki. Mtungi ukiwekwa kivulini unatoa jasho na maji yake yanapoa bila umeme wala barafu. Ukichota mtoni, nenda na wenyeji na sehemu wanayochota wao. Mamba wapo, Momba na ziwani, na hawajali kwamba wewe ni mgeni.

Kisima chetu hakikupotea chote. Tuliwaachia Wasukuma wa jirani wanyweshee mifugo, na wao wakawa wanatuletea maziwa.

Kuna jambo ambalo nimechelewa kulisimulia kwa sababu bado linanikaba.

Oktoba ya mwaka wa pili niliamua kuwapeleka kidato cha tatu kwenye mafunzo ya nje, Ivuna. Nilikuwa nimeanza kulipenda bonde na nilitaka walione kwao kwa macho mapya. Ivuna ina mambo. Watu wamechemsha chumvi pale tangu karibu karne ya 13. Wataalamu wa mambo ya kale walichimba eneo hilo miaka ya 1960 na kukuta mabaki ya kazi hiyo. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka kutoka angani karibu na hapo, kimondo kidogo cha gramu 700 hivi, cha aina adimu kiasi kwamba wanasayansi wanakilinganisha na vumbi lililoletwa mwaka 2020 kutoka kwenye sayari ndogo ya Ryugu. Sisi wa Mbeya tunajua kimondo cha Mbozi kwa sababu ni kikubwa na kimezungushiwa uzio, hicho cha Ivuna wengi hatujawahi hata kukisikia. Nilijaza daftari. Niliandaa maswali. Ratiba niliiandika kama nilivyokuwa naandika Tukuyu: kuondoka shuleni saa tatu asubuhi baada ya gwaride, kutembea, kufika, kuchora ramani, kurudi saa nane.

Wanafunzi wenyewe walitazamana nilipoitangaza. Hakuna aliyenipinga, kwa sababu mwanafunzi wa kijijini hampingi mwalimu. Hilo nalo ni la kujua: ukiwa mtumishi mgeni watu watakuheshimu mpaka uumie, au uumize. Inabidi wewe uulize, tena uulize zaidi ya mara moja.

Ilipofika saa sita na nusu tulikuwa kwenye tambarare isiyo na kivuli. Udongo ulikuwa umepasuka na kumetameta kwa chumvi, na joto lilikuwa linatoka chini pamoja na juu. Msichana mmoja, mpole, wa mstari wa nyuma, alianza kuongea maneno yasiyoeleweka. Nilifikiri anatania. Kisha akakaa chini, kisha akalala. Nilipomshika, ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu. Hakuwa na tone la jasho. Alikuwa hajala asubuhi na kachupa kake ka nusu lita alikuwa amekamaliza tangu saa nne.

Nilisimama pale na daftari langu mkononi. Sikujua la kufanya. Wavulana wawili ndio waliokimbilia kwenye vibanda vya wachemsha chumvi. Kulikuwa na bibi mmoja tu, amekaa chini ya mkwaju anasuka, moto wake umezimwa. Alikuja mbio kuliko nilivyotegemea kwa umri wake. Walimbeba msichana mpaka kivulini, bibi akamlegeza nguo, akalowesha kanga mbili akamfunika shingoni, kwapani na mapajani, akatuamuru tupepee kwa madaftari. Hakumpa maji mpaka macho yalipofunguka na akajibu jina lake. Hapo ndipo alipomnywesha, kidogokidogo, maji ya ukwaju yenye sukari na punje za chumvi.

"Mwanangu," aliniambia huku anapepea, "hawa watoto uliwatoa nyumbani saa ngapi?"

"Saa tatu, bibi."

"Sisi saa nne tunakuwa tumeshazima moto."

Hakusema zaidi ya hapo. Bodaboda ilimpeleka msichana zahanati, akawekewa dripu, jioni alikuwa anaongea vizuri. Usiku nilikwenda na mume wangu kwa wazazi wake kuomba radhi. Baba yake alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mtoto amepona, Mungu ashukuriwe, lakini safari nyingine mwalimu aulize. Mkuu wa shule alinipa onyo la mdomo. Nilistahili zaidi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa naamka usiku kumwona yule mtoto amelala kwenye udongo mweupe.

Kwa hiyo, yeyote unayeshuka huko na una watoto wa watu mikononi mwako, chukua haya kwangu. Kazi ya nje bondeni inaanza saa kumi na mbili asubuhi na inakwisha saa nne. Inaanza tena saa kumi na nusu jioni. Kati ya hapo ni kivuli. Mtu anayetoka jasho jingi, kichwa kinamuuma na miguu inakaza, mpeleke kivulini umpe maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usisubiri kiu. Lakini mtu anayepayuka, ambaye ngozi inawaka, huyo anaweza kufa: mlowesheni, mpepeeni, na njia ya kufika hospitali itafutwe wakati huohuo mkiendelea kumpoza. Asiyejitambua usimtie kitu mdomoni. Na kabla ya kuondoka uliza nani hajala. Mimi siku hizi nauliza hata kwa safari ya kwenda uwanjani.

Tuliomba, na uongozi wa shule ukakubali, Oktoba na Novemba vipindi vigumu visogezwe asubuhi na mchana uwe wa kujisomea chini ya miti. Siku moja ya Novemba kipimajoto cha maabara kilisoma nyuzi 38 ndani ya darasa, saa nane mchana. Hesabu gani itaingia kichwani hapo?

Mvua nayo ina mtego wake. Januari yangu ya kwanza kule nilikuwa narudi kutoka likizo Tukuyu. Nilikuwa nimeongeza siku tatu za kukaa na mama, mvua zikanitangulia. Ile mbuga iliyokuwa ngumu kama saruji mwezi wa kumi ilikuwa tope jeusi linalovuta gurudumu. Gari letu lilikwama saa kumi na moja jioni, tukalala humo na mtoto, mbu wakatuchambua, na asubuhi tukavutwa na ng'ombe kwa shilingi 5,000 kila abiria. Siku kumi baadaye mtoto akawaka homa. Mimi nikampa dawa ya kushusha homa nikisema ni meno. Siku ya pili usiku akapata degedege. Kipimo kilionyesha malaria. Mtoto wa Tukuyu hana mazoea na malaria ya bondeni, mwili wake haujaizoea. Homa yoyote kule ni ya kupimwa siku hiyohiyo, usisubiri kesho, na dawa mseto imalizwe yote hata kama mtoto ameanza kucheza. Kama una likizo ya Desemba, rudi kabla mvua hazijakolea au kubali kubaki bondeni. Weka akiba ya sabuni, mafuta ya taa, dawa na unga ya mwezi mzima kabla ya Krismasi.

Unga wenyewe: mahindi yanabunguliwa haraka sana kwenye joto. Gunia langu la kwanza lilikuwa vumbi kufikia mwezi wa tano. Tumia mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu, ifungwe hewa isiingie. Na jifunze kula ugali wa mtama. Mtama unavumilia kule ambako mahindi yanakauka yakiwa na mbelewele. Mimi nililima ekari mbili za mahindi mwaka wa kwanza kwa sababu sikuona chakula kingine kuwa chakula. Nilivuna debe tatu. Shamba la ufuta la mume wangu, pembeni yake, ndilo lililolipa ada za wadogo zangu.

Lakini maharage yanaiva upesi kuliko Tukuyu, mradi uyapike kwa maji matamu. Kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi karibu 95, kule karibu 97. Niliwapa wanafunzi zoezi hilo, wakaenda kuwauliza mama zao, na kikao cha wazazi kilichofuata kilijaa kuliko vyote nilivyowahi kuviona. Walitaka kujua mwalimu anafundisha nini kuhusu maharage yao.

Kuanzia hapo nilibadili namna ya kufundisha. Tulianza na bonde ndipo twende Danakil. Niliwaambia kwamba mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwa chini ya bonde hili kuna gesi ya heliamu nyingi, inayojitokeza kwenye chemchemi za moto wanazozijua wao. Niliwaambia kuhusu mifupa ya mijusi wakubwa wa kale iliyochimbwa upande wa Songwe, na kwamba mmoja wao, aliyetangazwa mwaka 2017, dunia nzima anaitwa Shingopana, kwa Kiswahili chetu hikihiki. Mvulana mmoja aliuliza, "Mwalimu, Wazungu nao wanasema shingo pana?" Nikamwambia wanasema. Alilirudia jina lile siku nzima.

Tuliondoka mwaka 2022, mama yangu alipougua. Kuhama kurudi kulikuwa rahisi kwa sababu tulikuwa na vitu vichache. Vingi tulivyoshuka navyo vilikuwa vimeuzwa au vimeliwa. Mtoto, ambaye sasa alikuwa na miaka sita, alilia kwa baridi wiki nzima na kuulizia mkwaju.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Ivuna kumuaga yule bibi. Nilikwenda alfajiri. Moto wake ulikuwa unawaka, na alinionyesha kazi yote: udongo wa chumvi unakwanguliwa na kutiwa kwenye chombo chenye matundu, maji yanamwagiwa juu, yanayochuruzika chini yanachemshwa mpaka chungu kibaki cheupe. Nilimkumbusha habari ya msichana, akasema anamwona sokoni, ameolewa Kamsamba, ana mtoto. Alinifungia chumvi kwenye kipande cha kitenge.

Ninayo bado, kwenye kopo, juu ya kabati la ofisi. Kila mwaka tukifika mada ya majangwa nalipitisha darasani, kila mwanafunzi anachukua punje moja na kuonja kabla sijachora chochote ubaoni. Nawauliza imetoka bahari gani. Wanataja Dar es Salaam, Bagamoyo, Mtwara. Ndipo nachora Momba, inavyoshuka kutoka juu mpaka ziwani, na mbele ya ziwa naacha ubao mtupu.